Kokoto za Kitanda cha Samaki na Mboga: Siki, Chekeche na Maji ya Mlimani

Mama anayegonga kokoto kando ya barabara, iwe ni ukielekea Usa River au ukitoka Moshi mjini, ana swali moja kwa kila mteja: "Za zege au za kumwaga uani?" Mwambie ni za kuoteshea mchicha juu ya maji ya samaki. Atakutazama mara mbili, atacheka kidogo, halafu atauliza: "Ukubwa gani?" Hapo wengi wetu hukwama. Tumekuja na jina la jiwe kichwani, tumeambiwa tutafute lile jekundu lenye vitundu, na kumbe swali la mama ndilo lenye maana kuliko letu.

Kwa aliyeyakuta mazungumzo katikati: akwaponiki ni kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale. Samaki wanakula, wanatoa kinyesi, na kupitia matamvua yao wanatoa amonia, ambayo ikizidi huwaua wenyewe. Pampu huyapandisha maji hadi kwenye kitanda kilichojazwa mawe. Humo bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ni chakula cha mboga. Maji hurudi kwa samaki yakiwa yamepoa makali. Hakuna udongo. Kila kazi ambayo shambani hufanywa na udongo, hapa hufanywa na mawe: kushika mizizi, kuchuja kinyesi, kuwapa bakteria makazi, na kuhifadhi ule uchafu mpaka minyoo na vijidudu wauvunjevunje uwe mbolea. Mchaga aliyezoea kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ataelewa haraka. Kitanda kile ni kihamba kidogo, ila majani yaliyooza yamebadilishwa na mavi ya sato.

Ubishi mkubwa huwa juu ya vitundu. Wanasema jiwe lenye vitundu lina uso mkubwa zaidi, kwa hiyo bakteria wengi zaidi, kwa hiyo ndilo bora. Maneno hayo ni kweli, lakini hayafiki mbali, na hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Chukua samaki wanaokula gramu 200 za chakula kwa siku, chakula chenye protini asilimia 32. Chakula hicho kitaleta amonia ya gramu 7 na nusu hivi kwa siku. Mita moja ya mraba ya uso wa jiwe uliokwisha kukaliwa na bakteria hushughulikia nusu gramu na kidogo kwa siku. Kwa hiyo unahitaji uso wa mita za mraba 13 au 14. Mita moja ya ujazo ya mawe ya volkano yenye vitundu ina uso wa mita za mraba 300 hadi 400. Kokoto laini za milimita 20, zisizo na kitundu hata kimoja, zina kama 180. Yaani bakteria wako watatoshwa na ndoo mbili na ushei za jiwe la vitundu, au ndoo nne zisizojaa za kokoto laini.

Sasa tazama upande wa mboga. Gramu 200 za chakula hulisha kitanda cha mboga za majani cha mita za mraba 4 hadi 5. Kwa kina cha sentimita 30, hicho ni kitanda cha mita ya ujazo moja na robo hivi. Hata ukikijaza kokoto laini kabisa, uso utakaokuwa nao ni zaidi ya mara kumi na tano ya unaohitaji. Baridi ya Juni itawapunguza bakteria kasi, uchafu utafunika sehemu ya mawe, na bado utabaki na ziada. Kwa hiyo anayelipa lori kwenda mbali kufuata jiwe la vitundu kwa ajili ya bakteria peke yake amelipia kitu ambacho tayari anacho tele uani.

Vitundu vina faida nyingine, nazo ni uzito na unyevu. Nitazifikia. Kwanza kuna jambo linaloweza kuharibu mradi kabla hata mche wa kwanza haujashika, nalo ni chokaa.

Bakteria wanapoigeuza amonia, maji huelekea kwenye ukali wa tindikali. Kila gramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula kama gramu 7 za ile akiba ya chokaa na magadi iliyomo majini. Katika mfumo ulio salama pH, yaani kipimo cha ukali huo (namba ikishuka, ukali umezidi), hushuka polepole, na mfugaji huishikilia kati ya 6 na 7, mahali ambapo samaki, mboga na bakteria wote wanavumiliana. Ukiwa na kitanda cha mawe ya chokaa, kila tindikali inayotengenezwa humezwa na mawe, na pH hukwama juu, 7 na nusu au 8, miezi nenda rudi. Madini ya chuma, manganizi na fosforasi huacha kuyeyuka vizuri, na mmea hushindwa kuyachukua. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kibaya zaidi, kila pH inapopanda kwa namba moja, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki huongezeka karibu mara kumi.

Chokaa chenyewe si adui. Mfumo ukizeeka na pH ikianza kushuka chini ya 6, wafugaji hutundika mfuko mdogo wa maganda ya mayai yaliyopondwa au makombe ndani ya maji ili kuipandisha. Tofauti ni kwamba mfuko unautoa siku unayotaka. Kitanda cha tani nzima utakitoa kwa koleo.

Hapa kwetu hatari hiyo ni ndogo kuliko wanavyoionya watu wa pwani. Tanga, Dar es Salaam na Unguja wamekalia matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Sisi tumekalia Meru na Kilimanjaro, na mawe ya milima hii ni ya volkano: basalti nyeusi, fonoliti ya kijivu, na yale mepesi mekundu na meusi yanayochimbwa kwenye vilima vidogo vilivyotapakaa miguuni pa milima. Kokoto ya mtoni, ukiiokota Kikafu, Weruweru au Themi, mara nyingi ni jiwe hilohilo la volkano lililoviringishwa na maji mpaka likawa laini. Ukisoma maelezo ya mtu wa nchi ya mawe ya chokaa anayekataza kabisa kokoto za mtoni, jua anazungumzia mto wake.

Hata hivyo ipo mitego. Ule mchele mweupe wa marumaru wanaotumia mafundi wa terazo ni chokaa tupu, na ndio unaomvutia kila mtu kwa sababu unapendeza juani. Nilimwaga karai tatu za huo kwenye kitanda changu cha kwanza, juu kabisa, kama pambo. Spinachi iligeuka manjano wiki ya tano na nikailaumu mbegu. Mtego mwingine ni vifusi vya zege na matofali ya saruji vilivyopondwa, ambavyo hupandisha pH kuliko hata chokaa. Wa tatu ni jiwe zuri la volkano lenye ukoko mweupe nje au vinundu vyeupe ndani ya vitundu vyake. Ukoko wa namna hiyo huonekana zaidi kwenye mawe ya nyanda kavu za chini, ambako maji hupanda juu, hukauka na kuacha chumvi zake.

Kaskazini yetu kuna mlima unaofaa kutajwa hapa, japo hakuna atakayekuuzia kokoto zake. Oldoinyo Lengai ndio volkano pekee duniani inayojulikana kutoa siku hizi lava ya magadi. Hutoka nyeusi, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Kwa hiyo neno "jiwe la volkano" peke yake halimaanishi "jiwe lisilo na magadi". Jiwe hupimwa, haliaminiwi kwa ukoo wake.

Kipimo chenyewe ni siki ya dukani. Watu wengi hukikosea, na hukikosea hasa kwa jiwe letu la vitundu. Ukiliokota likiwa kavu na kulidondoshea siki, utaona mapovu, utashtuka, utalitupa. Kumbe ni hewa iliyokuwa imejificha vitunduni ikifukuzwa na kimiminika. Hata maji matupu yangetoa mapovu hayo. Kwa hiyo lioshe, lilowanishe usiku kucha mpaka liache kutoa hewa, lipasue kwa nyundo, kisha dondoshea siki kwenye sehemu iliyopasuka na kwenye ngozi ya nje. Lisogeze sikioni. Chokaa huchacha kwa sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa, na huendelea kuchacha. Ukoko wa nje ukichacha, osha lile jiwe kwa maji mengi, rudia. Likinyamaza, yalikuwa magadi, nayo huyeyuka na kuondoka. Likiendelea, ni chokaa, na halitaondoka. Chukua mawe kumi hivi kutoka pande tofauti za lundo, juu na chini, maana lundo moja laweza kuwa limetoka mashimo mawili.

Siki hukuambia ndiyo au hapana. Kinachokuambia kiasi ni chupa, na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu kwa upande wa Arusha jiwe mara nyingi hubeba kosa la maji.

Chukua chupa nne. Mbili zijaze maji ya mvua, mbili maji ya bomba au kisima utakachotumia. Katika kila jozi, moja tia mawe yaliyooshwa mpaka nusu, nyingine iache bila kitu. Ziache wazi kivulini, pima pH siku ya kwanza, ya tatu na ya saba kwa karatasi au kile kipimo cha matone cha wafuga samaki wa mapambo. Usiyaamini maji ya kisima yaliyochotwa dakika hiyo. Hutoka ardhini yakiwa na gesi ya kaboni, na gesi hiyo ikitoka pH hupanda yenyewe, bila jiwe lolote kuhusika. Yaache hadi kesho yake ndipo upime.

Ukikuta maji ya mvua yenye mawe yamepanda kuliko ya mvua matupu, kosa ni la mawe. Ukikuta mvua imetulia, lakini chupa zote mbili za kisima ziko juu ya 8, mawe yako hayana hatia. Rafiki yangu mmoja wa upande wa chini ya Meru alihamisha kokoto zote za vitanda vitatu kwa toroli, akanunua nyingine, akazipanga upya. Manjano ikarudi vilevile. Kisima chake kilikuwa na magadi, ile soda inayotokana na mawe ya volkano kuyeyuka polepole ndani ya maji yanayopita chini kwa chini. Maji ya namna hiyo hayashuki pH kirahisi hata ukiyatia tindikali. Hushuka leo, kesho yamerudi.

Mlima huohuo una jambo la pili. Meno ya rangi ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na Ngare Nanyuki yanatokana na fluoridi nyingi katika maji. Kiwango cha maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya kuzunguka Meru huvuka hapo. Kokoto haiondoi fluoridi, haiondoi magadi. Tena mfumo huu huyarundika. Maji yanavukia, chumvi zinabaki, unaongeza maji mengine yenye chumvi zake, na mwaka ukiisha maji ya tangi ni mazito kuliko ya kisima. Dawa ninayoijua isiyo na mazingaombwe ni bati, mfereji wa bati na simtanki. Ukivuna mvua za masika na za vuli, ukachanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, na ukawa unaongezea maji yaliyovukia kwa mvua tupu, nusu ya matatizo yanayosukumiwa mawe yataisha.

Wapo pia wanaoamini jiwe jekundu litaipa mboga madini ya chuma kwa sababu lina rangi ya kutu. Ni kutu kweli. Jiwe jekundu na jeusi hutoka kilima kimoja, ila jekundu lilikutana na hewa likiwa bado moto na chuma chake kikashika kutu. Lakini chuma cha kutu hakiyeyuki kwenye maji ya pH 7, na mizizi ya mchicha haina meno. Chagua rangi unayoipenda.

Turudi kwa mama na nyundo yake. Ukubwa unaofaa ni kati ya milimita 8 na 20, tuseme kuanzia punje ya harage kubwa hadi ncha ya kidole gumba. Kubwa zaidi ya hapo, miche haina pa kushika na mikono inachoka kupanda. Ndogo zaidi, kinyesi huziba njia. Lakini jambo linalosahaulika ni kwamba ukubwa uwe mmoja au unaokaribiana. Jaza debe mahindi mpaka juu, halafu mimina kibaba cha mtama. Mtama wote utazama na debe halitaongezeka hata kidole. Hivyo ndivyo kokoto mchanganyiko zinavyofanya. Vidogo hujaza mianya ya vikubwa, na mianya ile ndiyo iliyokuwa njia ya maji, hewa ya bakteria, na nafasi ya mizizi.

Mianya hupimwa kwa ndoo ya lita 20. Ijaze kokoto zilizolowana na kuchujwa maji, kisha mimina maji kwa jagi la lita moja huku ukihesabu mpaka yafike usawa wa juu. Zikiingia lita 8, mianya ni asilimia 40, na hiyo ni nzuri. Zikiingia 5, rudi kwenye chekeche. Namba hiyo utaihitaji tena. Kitanda cha lita 300 chenye mianya ya asilimia 40 huchota lita 120 kutoka kwenye tangi la samaki kila kinapojaa. Kama tangi ni la lita 250, samaki watabaki wamebanana kwenye nusu ya maji kila saa. Kitanda kizima kisizidi sana ujazo wa tangi, au uweke kitangi cha maji ya akiba katikati.

Kokoto za kugongwa kwa mkono huwa na vipande bapa kama vigae, na vipande bapa hulaliana na kuzuia maji. Zina ncha pia, utazijua siku ya kung'oa mizizi. Kokoto za mashine zina ukubwa sawa lakini huja na vumbi lake la unga. Za mtoni ni laini mkononi, ila huja na matope, na kuzichimba mtoni kunahitaji kibali, kwa hiyo muulize dereva wa lori alikozitoa. Mimi nikiwa na uchaguzi huru, huchukua lile jiwe jepesi la vilima, lililochekechwa mara mbili. Chekeche ya juu ni waya wa mraba wa sentimita mbili unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Ya chini, kwa mtu wa Kilimanjaro, pengine iko darini: wavu wa chanja cha zamani cha kuanikia kahawa. Kahawa haidondoki humo, wala kokoto nzuri, lakini vumbi na vijiwe vidogo hupita vyote.

Sababu yangu ya kupenda jiwe jepesi ni mgongo wangu na meza ya kitanda. Wengi hapa hukata yale matangi ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma, nusu moja ikawa kitanda cha mita moja kwa mita moja na sentimita 20. Kwa kina cha sentimita 30, hiyo ni lita 360 za mawe. Kokoto nzito ya basalti ina kama kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mawe peke yake ni kilo 540, na kitanda kikijaa maji kinafika karibu kilo 700. Hiyo ni uzito wa ng'ombe mnono aliyelala juu ya meza yako usiku na mchana. Jiwe jepesi la vilima lina kilo 800 hadi 1,000 kwa mita ya ujazo, na kitanda chote, maji yakiwemo, huzunguka nusu tani. Mbao za mierezi au mikaratusi zinaweza kubeba, lakini wapo mchwa na ipo mvua. Nguzo za matofali ni salama zaidi kwa yote mawili. Na usawazishe kwa pima maji kabla ya kujaza, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kukisogeza.

Jepesi kuliko yote ni lile jiwe la kusugulia visigino, lenye hewa tupu ndani. Tabaka zake zipo kwenye miteremko ya Meru. Ni zuri kwa paa la nyumba lenye kitanda juu, lakini sehemu yake huelea, na kitanda kikijaa maji utaona mawe yanapanda na miche inalala. Likitumika, lizamishwe siku kadhaa kwanza na juu yake iwekwe tabaka la jiwe zito kidogo.

Vitu vingine nitavipita upesi. Vile vidonge vya udongo uliochomwa vinavyouzwa na maduka ya vifaa vya banda kitalu ni vizuri, vyepesi na safi, na ni anasa kwa mtu aliyezungukwa na volkano mbili. Vipande vya matofali ya kuchoma hushika maji vizuri lakini yasiyoiva humong'onyoka na kuwa tope ndani ya msimu mmoja. Mchanga una watu wake na mfumo wake, lakini huu wa kujaa na kutoka ukiuwekea mchanga utauziba. Pumba za mpunga kutoka Lower Moshi huoza. Makaa husagika.

Juu ya kuosha, vumilia kuliko unavyodhani. Weka kokoto karai moja moja, mwaga maji, koroga kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yanayotoka uone kitako cha karai. Mita moja ya ujazo inaweza kula siku nzima ya watu wawili. Maji yale ya vumbi yapeleke migombani, usiyaachie kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, wa majirani. Vumbi unaloliacha leo ndilo litakaloshuka kitako cha kitanda na kuwa tope jeusi linalonuka yai bovu mwakani, na harufu hiyo ikitoka ujue hewa imeisha huko chini.

Wakati wa kujaza, simamisha kwanza bomba la inchi nne lililotobolewa vitundu kuzunguka sifoni, ile inayotoa maji yenyewe kitanda kikijaa, ili mawe na mizizi visiifikie. Mawe yasambaze kwa mkono karibu na bomba, kwingine mwaga. Maji yakijaa yaishie sentimita tatu hadi tano chini ya uso wa mawe. Tabaka hilo la juu libaki kavu daima. Jua la Moshi la Februari likigonga maji yaliyo wazi huota ukijani na mashina ya mboga huoza shingoni. Kwa Arusha, ambako usiku wa Julai ni wa koti, kitanda ni kama radieta ya gari. Maji ya samaki hupitishwa juu ya mawe baridi na kurudi yamepoa. Sato huanza kugoma kula maji yakikaribia nyuzi 17, kwa hiyo miezi hiyo wengine hupunguza mizunguko ya usiku, au hufuga kambale ambaye ni mvumilivu zaidi.

Bakteria hawanunuliwi. Huja wenyewe, na mawe mapya huchukua wiki tatu hadi sita kabla ya amonia na nitriti kushuka, zaidi ikiwa ni majira ya baridi. Karai moja ya mawe machafu kutoka kwa mwenye mfumo uliokomaa hufupisha safari hiyo. Siku ukilazimika kusafisha sehemu ya kitanda, osha kwa maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yatakurudisha wiki ya kwanza.

Ukiagiza, agiza robo zaidi ya hesabu yako, maana chekeche itakula. Yale yaliyopita chini ya wavu wa kahawa usiyatupe. Changanya na udongo wa msituni na samadi, jaza viriba, otesha parachichi.